Karavani yataka kivuli, dishi lataka mbingu: kisa cha mlingoti wa Mayungu

"Fundi, limekufa tena."

Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini usiku, na Mwalimu kwenye simu hakutoa hata salamu, yeye ambaye kwa kawaida hunijulia hali yangu, ya wanangu na ya pikipiki yangu ndipo aseme shida yake. Nyuma yake nilimsikia mkewe akiiomba radhi skrini iliyoganda. Wanafunzi wao saba wa Kiswahili kwa video, wote wako Ujerumani, walikuwa wamekatika katikati ya ngeli ya KI-VI kwa mara ya nne wiki ile.

Mwalimu amestaafu. Yeye na mkewe, ambaye mimi humwita Mama, waliivuta karavani yao nyeupe kutoka Nairobi hadi Mayungu, kusini ya mji wa Malindi, wakaiegesha kwenye shamba la minazi. Mwenye shamba, mzee wa pale pale, aliwakodisha kipande cha ardhi, maji ya kisima na kivuli. Kivuli hicho ndicho kilichowaleta. Karavani ni sanduku la bati. Jua la saa saba mchana likiipiga, ndani hapakaliki hata kwa feni mbili. Basi waliichimbia makao chini ya minazi minne iliyokaribiana, magurudumu yakawekewa vipande vya mbao, wakaniita nije niwafungie intaneti ya setilaiti juu ya mlingoti.

Kisa hiki kina vikwazo vitatu, na kila kimoja kilizaliwa na dawa ya kile kilichotangulia. Niliyetoa dawa zote ni mimi.

Niseme kwanza nilikotoka, maana kosa la kwanza lilitoka huko. Nimefunga madishi ya televisheni Malindi kwa miaka mingi. Setilaiti ya televisheni iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, nayo inazunguka kwa mwendo uleule wa dunia, kwa hiyo kwetu sisi huku chini ni kama imepigiliwa msumari mahali pamoja. Ile ambayo wateja wangu wengi wanaitumia iko nyuzi 36 mashariki. Malindi iko kama nyuzi 40 mashariki na nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo dishi letu hutazama karibu na utosini, likiinama kidogo kaskazini magharibi. Kwenye shamba la minazi kazi yako ni kutafuta tundu moja kati ya makuti. Ukilipata, umemaliza, uso wa mbingu uliobaki hata ukifunikwa kwa mkeka, mpira utauona.

Nikaenda Mayungu na macho hayo hayo. Nilisimama pale karavani ilipo, nikainua uso, nikaona juu kweupe, duara zuri la mbingu katikati ya vichwa vya minazi. Nikamwambia Mwalimu, "Hapa pamekaa vizuri."

Dishi lenyewe lilikuwa lile dogo la Starlink linaloitwa Mini, bapa kama kitabu cha mahudhurio, sentimita 30 kwa 26, uzito wake kilo moja na kidogo. Huduma hiyo ilianza Kenya Julai 2023 na tangu hapo nimefunga madishi mengi zaidi ya namna hiyo kuliko ya televisheni. Nilichukua paipu la zinki la inchi moja na nusu, vipande viwili vya mita mbili vinavyoingiana ili siku wakihama viingie ndani ya karavani, nikalifunga kwa klempu kwenye ngazi ya nyuma ya karavani. Kilele kilifika mita 4 kutoka ardhini. Programu ya simu ikaonyesha lielekezwe wapi, tukaligeuza, intaneti ikaja. Chai ikanywewa.

Kesho yake ikaanza: sekunde mbili hakuna, dakika nzima ipo, sekunde nne hakuna. Kupakua faili hujui kama kuna kasoro. Kufundisha kwa video, unaongea na mtu anayeganda mdomo wazi.

Nilirudi nikidhani ni mtikiso. Na kweli mtikiso ulikuwepo. Karavani imekaa juu ya springi. Mama akitoka jikoni kwenda kitandani, kilele cha mlingoti kinasalimia. Ikilala nyuzi moja tu, kule juu mita 4 dishi linahama sentimita 7. Tukashusha zile jeki nne za pembeni, ambazo Mwalimu alikuwa hajazigusa tangu Nairobi, na mtikiso ukaisha karibu wote. Kukatika hakukuisha.

Ndipo nikafungua ile ramani ya vizuizi ambayo programu huichora yenyewe baada ya masaa kadhaa. Ilikuwa na madoa mekundu pande tatu. Katikati, pale nilipopasifia, palikuwa peupe.

Setilaiti hizi za intaneti hazijapigiliwa msumari. Zinapita kilomita 550 hivi juu yetu, kila moja inakatiza mbingu kwa dakika chache ikaenda zake, na dishi linaruka kutoka hii kwenda ile bila kugeuza shingo, kwa umeme tu. Linahitaji kuona koni nzima ya nyuzi 110. Yaani kutoka utosini, shuka nyuzi 55 kila upande. Chochote kinachosimama juu zaidi ya nyuzi 35 kutoka upeo wa macho kinaingia kwenye koni hiyo.

Mwalimu akauliza swali la kimwalimu. "Lakini fundi, si juu kuko wazi? Kwa nini lisitumie zile za juu tu?" Nilifurahi kuulizwa, kwa sababu jibu lake linatuhusu sisi watu wa karibu na ikweta kuliko watu wa Ulaya. Zile setilaiti za televisheni zimejipanga kwenye mstari mmoja juu ya ikweta, na kwetu mstari huo unapita karibu na utosini, kutoka mashariki hadi magharibi. Kanuni za kimataifa za masafa zinazitaka setilaiti za chini zisizisumbue zile za mstari huo, kwa hiyo dishi hujizuia kuzungumza na setilaiti ikiwa iko usawa wa ukanda huo. Tundu lile la utosini, ambalo kwa televisheni ni mali, kwa dishi hili ni mahali lisipotaka kutazama. Kazi yake kubwa iko pande za kaskazini na kusini, chini kidogo, palepale makuti yalipojaa. Tena njia nyingi za setilaiti hizi zimelazwa nyuzi 53 hivi, kwa hiyo husongamana zaidi juu ya nchi za mbali kaskazini na kusini kuliko juu yetu. Ukizibiwa moja hapa, nyingine huenda isiwe jirani.

Nilikuwa nimechagua tundu sahihi kwa chombo kingine.

Sasa tupime. Sikuwa na kifaa, lakini Mwalimu alikuwa na boksi la hisabati la mjukuu wake. Tulichukua kipimapembe cha plastiki, tukafunga uzi katikati yake, na mwisho wa uzi nati ndogo ya inchi robo. Nikapanda ngazi hadi jicho likawa usawa wa dishi, nikalenga kilele cha mnazi kwa ule ukingo ulionyooka, nikangoja nati itulie, nikaubana uzi kwa kidole gumba usiteleze, nikateremka nikiwa nimeukamata vilevile kama mtu aliyebeba yai. Mwalimu akavaa miwani, akasoma, akatoa kwenye tisini, akaandika kwenye daftari. Mnazi wa mashariki, ulio mita 9 kutoka mlingotini: nyuzi 51. Wa kusini, mita 12: nyuzi 43. Wa kaskazini nao ulikuwa umezidi 40. Yote ilikuwa mirefu ya kama mita 15.

"Basi ongeza paipu," akasema Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko.

Kila mteja husema hivyo, na kila fundi huwa na hamu ya kukubali, kwa sababu paipu linaonekana na hesabu haionekani. Mwalimu akapiga hesabu. Mlingoti wa mita 6: mnazi wa kusini unashuka hadi nyuzi 37, wa mashariki 45. Mlingoti wa mita 8, ambao kwenye ngazi ya karavani ni wazimu: wa kusini unatoka kwenye koni, wa mashariki bado 38. Kwa upande mwingine, ukibaki na mita 4 zilezile lakini ukasogea hadi pale kwenye kisima, ambako mnazi wa karibu uko mita 20, pembe inakuwa nyuzi 29 tu. Hatua za miguu, bila hata nusu mita ya chuma, zilishinda mita nne za paipu.

Kukata mnazi hatukukuthubutu, ingawa Mwalimu aliuliza kwa adabu. Mzee wa shamba alimtazama kwa muda. "Mwanangu, ardhi ni yangu. Ule mnazi ni wa dada yangu." Mtu wa bara husikia hapo kama mchezo wa maneno. Huku kwetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na wanaweza wasiwe mtu mmoja. Tukaliacha.

Mzee alikaa juu ya ukingo wa kisima akitutazama tunavyopima. Akaniuliza kama setilaiti hizi ni ndugu na zile za Ngomeni. Nikamwambia ni ukoo mmoja. Yeye ni wa rika la walioona moto ukipanda kutoka kwenye lile jukwaa la roketi la Waitaliano baharini, kaskazini ya Malindi; kutoka pale ndiko iliporushwa ile setilaiti waliyoipa jina Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu. "Ile tuliiona ikienda," akasema. "Hizi zenu mbona hatuzioni?" Nikamwambia azitazame baada ya magharibi, nyota zinazotembea bila kumeta. Siku ya pili akanipa idadi.

Hamishia mlingoti kisimani, basi. Hapo palikuwa na maswali mawili: utasimamaje, na umeme utafikaje. La kwanza nililifikiri sana. La pili sikulifikiri hata kidogo.

Ilikuwa Julai, kusi imeshika. Pale kisimani pako wazi kwa upepo wa baharini, na udongo ni mchanga juu ya mwamba wa matumbawe; ukichimba futi mbili unagonga jiwe. Kumwaga zege kwenye ardhi ya watu kwa mpangaji wa miezi sita sikutaka. Nikatumia tairi kuukuu la gari: unalilaza, unasimamisha kipande cha paipu katikati, unakipima kwa timazi, unajaza zege mpaka ukingoni. Likikauka, vijana wawili wanalibiringisha, na kulinyanyua hawawezi.

Watu hudhani dishi ndilo linalokamata upepo. Tulipige hesabu kwa upepo wa kilomita 60 kwa saa. Dishi dogo hivi, hata likipigwa usoni kabisa, linasukumwa kwa nguvu ya kama kilo moja na nusu. Paipu la inchi moja na nusu lina milimita 48 kwa nje. Kwa urefu wa mita 4, eneo linalotazama upepo ni mara mbili na nusu ya dishi, nalo linasukumwa kwa kama kilo nne. Mlingoti unajibebea mzigo mkubwa kuliko ule uliotumwa kuubeba. Kwa upepo huo tairi la zege la karibu kilo mia linatosha, mara mbili ya kinachohitajika. Lakini upepo ukifika kilomita 90, nguvu zinazidi mara mbili, na tairi lenye upana wa sentimita 60 linakuwa limefika mwisho wake. Kwa hiyo nililizika nusu kwenye mchanga na kufunga kamba tatu kutoka usawa wa mita mbili na nusu hadi kwenye vigingi, kila kamba na kitambaa cheupe ili Mama asijikwae akienda kuteka maji usiku. Watu wa majahazi hawangehitaji hesabu yangu. Mlingoti usioshikwa na kamba wangeucheka.

Kuhusu kutu sitasema mengi. Malindi chumvi inakula hata komeo la mlango. Paipu la zinki, bolti za chuma kisichoshika kutu, grisi kwenye nyuzi za bolti, mdomo wa juu wa paipu uzibwe maji yasiingie, na waya ukishuka uache kitanzi chini ya dishi ili matone yadondoke hapo yasifuate njia ya kiunganishi. Basi.

Kosa dogo moja nilifanya kileleni. Kishikio cha dishi kilikuwa kimetengenezwa kwa paipu jembamba zaidi, kwa hiyo nilimwomba fundi wa kuchomelea anipunguzie ncha, naye akapunguza kupita kiasi. Nikajaza nafasi kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira unabana vizuri ukiwa mkavu. Umande wa usiku na mitikisiko ya kusi vikaufanya uteleze, na asubuhi ya tatu dishi lilikuwa limegeuka kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa upande wa barabarani. Bolti mbili za kupenya paipu zikamaliza habari hiyo. Kunguru pia tuliwashuku, maana hawa wa Malindi hawaachi kitu kilicho juu bila kukikalia, lakini kunguru hakugeuza kitu. Alichoacha kilioshwa na mvua.

Ramani ya vizuizi ikawa nyeupe yote. Mchana kutwa hakuna kukatika. Mwalimu akanitumia ujumbe wa shukrani wenye vituo vyote mahali pake.

Halafu zikaanza simu za saa mbili usiku.

Hizi zilikuwa za namna nyingine. Haikuwa sekunde mbili tena: dishi lilizimika kabisa, likawaka upya lenyewe, likatafuta mbingu dakika kadhaa, likapata, likakaa robo saa, likazimika. Mchana halikufumba hata jicho. Usiku, hasa darasa linapoanza. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mzee alisema ni upepo wa usiku. Mama alisema wanafunzi wamezidi. Mwalimu, kwa upole, alidokeza kwamba labda nimenunua dishi bovu, na mimi, kwa siri, niliwaza hivyo hivyo.

Nilikwenda usiku na mita yangu. Kwenye betri ya karavani, chini ya kiti: volti 12.3. Betri ya ampea 100 imetumika mchana, friji inazunguka, feni inazunguka. Hiyo ni namba ya kawaida. Nikatembea na tochi hadi kisimani, nikapanda ngazi, kijana wangu akiishika chini, nikachomeka mita kwenye kiunganishi cha dishi likiwa linafanya kazi: volti 10.4. Nikaichomoa mita nikaichomeka tena, kama mtu anayedhani saa yake imesimama. 10.4. Dishi hili linataka kuanzia volti 12 hadi 48.

Karibu volti mbili zilikuwa zimepotea njiani, na njia nilikuwa nimeitengeneza mimi. Waya uliokuja na dishi ni wa mita 15. Karavani hadi kisimani, kupinda kwenye mtaro, kupanda mlingoti: mita 28. Nilikuwa nimenunua waya pacha wa milimita mraba 1.5 kwenye duka la vifaa, ule wa kufungia taa, nikaufukia ndani ya paipu la plastiki ili panya wasiutafune, nikajipongeza kwa unadhifu. Umeme unakwenda mita 28 na kurudi mita 28, jumla mita 56 za shaba nyembamba, ukinzani wake karibu theluthi mbili ya omu. Dishi hula wati 30 hivi. Kwa volti 12 hizo ni ampea mbili na nusu, nazo kwenye waya huo zinamwaga zaidi ya volti moja na nusu. Na hapa pana ujanja mbaya: dishi linataka wati zake zilezile, kwa hiyo volti zikipungua linavuta ampea zaidi, ampea zikizidi waya unameza volti zaidi. Ni kama kuchota maji kwa ndoo inayovuja, kadiri unavyoharakisha ndivyo inavyomwaga.

Mchana je? Mchana paneli ya sola inachaji, betri inasimama kwenye volti 13.6, na ukipiga hesabu hiyohiyo, kileleni zinafika volti 12 tu, juu ya alama yenyewe. Palepale kwenye ukingo. Dishi likaishi. Jua likizama, betri inashuka hadi 12.3, kileleni 10.4, na darasa linaanza saa mbili na nusu. Kilichokuwa kinakata ngeli ya KI-VI kilikuwa machweo.

Dawa zilikuwa mbili. Waya mnene wa milimita mraba 6 ungepunguza hasara hadi chini ya nusu volti, lakini mita 28 za waya pacha wa unene huo bei yake ilimfanya Mwalimu avue miwani. Tukachukua njia ya pili: kifaa kidogo cha kupandisha volti, kinafungwa kando ya betri, kinageuza 12 kuwa 24. Wati ni zilezile, kwa hiyo ampea zinapungua nusu, na waya uleule mwembamba unameza chini ya volti moja kati ya 24. Kileleni nilipima 23.2. Fyuzi nikaiweka karibu kabisa na betri, kabla ya kifaa, kwa sababu waya mrefu uliofukiwa ukichubuka na hauna fyuzi, unachoma karavani na waliomo. Hapo sifanyi mzaha.

Usiku ule nilikaa nao hadi darasa lilipokwisha. Mama aliniwekea wali wa nazi na mchuzi wa changu. Mwalimu alifundisha kiti-viti, kisu-visu, na hakuna aliyeganda.

Siku nne baadaye simu ilikuja alfajiri, na safari hii alikuwa Mama. "Fundi, shikamoo nitakuamkia mimi leo, maana umetuulia samaki." Friji ilikuwa imezimika usiku, changu wa siku mbili wameharibika.

Nilicheka baada ya kukata simu, kwa sababu nilielewa kabla hajamaliza. Zamani betri ikichoka, dishi lilikuwa la kwanza kufa, na kufa kwake kuliinusuru friji. Sasa kile kifaa kinalipa dishi volti 24 hata betri ikiwa hoi. Linanyonya mpaka tone la mwisho. Wati 30 usiku na mchana ni wati-saa 720. Betri yao ya asidi, ukiiheshimu usiishushe chini ya nusu, inatoa 600. Na paneli ya wati 200 ilikuwa wapi? Juu ya paa la karavani, chini ya minazi ileile. Kuti moja likitia kivuli kona ya paneli, uzalishaji wote unaanguka.

Kwa hiyo paneli nayo ikafuata dishi kisimani, ikalazwa kwenye fremu ya mbao juu ya mchanga, na kwa ajili yake nikanunua ule waya mnene niliokuwa nimeukwepa. Kwenye kifaa nikaongeza swichi inayokata dishi betri ikishuka chini ya 12. Na Mwalimu mwenyewe akaamua kwamba dishi liwashwe saa kumi jioni, lizimwe saa nne usiku. Mama ana saa zake za kuwapigia wajukuu, na zote ziko humo humo.

Mwezi wa Desemba, kaskazi ilipoanza, waliondoka kuelekea Tanga. Dishi na kishikio chake walichukua, paneli walichukua, vipande vya paipu waliviacha kwa sababu walikuwa na mzigo mwingi wa madafu. Nilipita wiki iliyopita kumwona mzee. Tairi la zege liko palepale, nusu limezikwa, na mlingoti umesimama wima juu yake. Amefunga kamba kutoka kileleni hadi kwenye nguzo ya kisima, na kanga za mabinti zake zilikuwa zinakauka juani, mahali pasipofikiwa na kivuli cha mnazi hata mmoja.